Nani Alipiga Chafya

Mei 12
Leo tumehamia nyumba ya mazoezi. Ni nyumba ya zamani ya mawe nyuma ya chuo, wanasema ilikuwa ya mzungu aliyelima ngano hapa. Kila muhula wasichana watatu wa Sayansi Kimu hukaa humo na kuiendesha kama nyumba ya watu: kupika, kufua, kushona, kupokea wageni. Madam Adongo, mwalimu wetu, huja kukagua wakati wowote bila kupiga hodi.

Wenzangu ni Sylvia wa Moiben, ambaye anaongea hata akipiga mswaki, na Adoyo wa Ahero, ambaye anacheka polepole. Sylvia aliniuliza jina mara mbili kwa sababu mara ya kwanza hakunisikia.

"Linah."

"Linah wa wapi?"

"Chepsaita."

"Sasa Linah wa Chepsaita, hapa hakuna mtu amelala. Ongea na sauti!"

Mei 13
Mvua tangu saa nane mchana. Nimeunguza wali.

Mei 15
Tumepewa mtoto. Kichwa, mikono na miguu ni plastiki. Kiwiliwili ni kitambaa kilichojazwa kitu kizito, ili awe na uzito wa mtoto wa siku chache. Amezeeka. Jicho moja halifungi vizuri, na shingoni kuna mishono ya wanafunzi waliotutangulia, rangi tofauti tofauti, kana kwamba kila mmoja alikuja na uzi wake. Tutambeba mgongoni, tutambadilisha nepi, tutamlisha kwa chupa tupu, na kila Ijumaa tutampima kwenye mizani ya jikoni kama watu wa kliniki.

Madam alitupa sheria mbili. Asiingizwe majini, apanguswe tu kwa kitambaa. Na asipewe jina.

"Kwa nini asipewe jina, Madam?" Sylvia akauliza.

"Kwa sababu Agosti mtamrudisha kabatini. Kitu ukikipa jina, utalia siku ya kukirudisha."

Sylvia alicheka. Madam hakucheka.

Mei 20
Mvua. Nguo hazikauki. Ilikuwa zamu ya Sylvia na akamsahau mtoto kwenye kapu la viazi. Tumemtoa na udongo puani.

Mei 25
Nimetoka nyumbani. Mahindi yamefika magotini na Baba anasema mwaka huu mbolea ilishika. Brenda, mke wa kaka yangu Kipyego, sasa anatembea akishika kiuno. Hatumuulizi maswali. Mtoto wake wa kwanza alikaa duniani siku chache, akaondoka kabla hajaitwa jina. Nyumbani kila mtu anasema kwa uhakika kwamba safari hii ni Kogo anarudi. Mama ameshaanza hata kusugua kibuyu chake cha maziwa.

Kogo Taprandich ndiye mama ya baba yangu. Nililala kwenye nyumba yake tangu nikiwa mdogo hadi alipofariki nikiwa kidato cha tatu. Watu husema mimi siongei. Kwa Kogo nilikuwa naongea hadi ananiambia nyamaza, moto unataka kulala.

Juni 6
Hili nataka niliandike vizuri.

Mvua ya mawe ilianza tukiwa tunakausha vyombo. Stima zikapotea na jikoni kukawa na ule mwanga wa kijivu. Kelele ya mabati ilikuwa kubwa, tukakaa karibu karibu ili tusikiane. Sylvia akatoa kifurushi cha karatasi mfukoni.

"Mzee Kinuthia wa geti amenipa ugoro. Leo mtoto anaitwa."

Adoyo hakujua. Nikamweleza kwamba kwetu mtoto akizaliwa, akina mama wazee hukaa na kutaja majina ya wafu wa ukoo wa baba, moja baada ya jingine. Mtoto akipiga chafya, basi yule aliyetajwa ndiye amekuja. Akichelewa sana, wanamwekea ugoro kidogo karibu na pua. Hiyo ndiyo kurenet.

"Na asipopiga?" Adoyo akauliza.

"Hupiga tu," nikasema.

Sylvia alifunga leso kichwani kama mwanamke mzee. Mimi nilifanywa mama wa mtoto kwa sababu, alisema, mama wa mtoto huwa hasemi kitu. Nikampakata. Akaanza.

"Wewe ni ng'ombe wa chuo, yule mwenye pembe moja?" Kimya. "Wewe ni mpishi wa zamani aliyetuwekea chumvi kwenye chai?" Kimya. "Basi ni yule shangazi yangu aliyekufa na deni la kikundi! Auntie, ni wewe? Usiogope, wamesamehe!"

Adoyo alikuwa analia kwa kucheka. Hata mimi. Kisha Sylvia akaishiwa.

"Mama Mtoto, toa moja la kwenu. La ukweli."

Nilisema hapana. Akasema, "Aki Linah, hata mchezo unaogopa?" Wote wawili walikuwa wananitazama, na mimi nikitazamwa hufanya chochote ili nisitazamwe tena. Nikasema, "Taprandich."

Mtu akapiga chafya.

Ilikuwa chafya ndogo, kavu. Ilisikika chini ya kelele yote ile ya mvua ya mawe, sijui namna gani.

"Ni Adoyo," Sylvia akasema.

"Si mimi. Ni wewe na ugoro wako."

"Mimi nilikuwa nimeshika pua! Linah?"

Nikatikisa kichwa. Tukacheka tena, lakini kila mmoja alimwangalia mwenzake ili ajue ni nani anacheka kwa kudanganya. Karatasi ya ugoro ilikuwa bado imekunjwa mkononi mwa Sylvia. Hakuwa ameifungua.

Juni 8
Mtoto ananuka kapu la viazi. Nimemwogesha. Si kupangusa, nimemtia ndani ya beseni lenye maji ya vuguvugu, na sabuni, na nikamshikilia shingo. Wenzangu walikuwa kanisani. Najua sheria. Lakini sikuweza kumpangusa kwa kitambaa kama meza.

Juni 13
Mizani: ameongezeka. Sylvia alipiga kelele kwa furaha, akasema mimi ni mama mwema. Madam alimweka mtoto kwenye mizani upya, akangoja sindano itulie. "Ni mvua," akasema. "Kitambaa kinanyonya unyevu." Akanitazama mimi, si Sylvia.

Juni 15
Nimemwogesha tena.

Juni 19
Zamu zote sasa ni zangu. Hakuna aliyepanga hivyo. Adoyo anasema hana shida na mtoto, ila anapendelea asimpe mgongo.

Juni 21
Nilipomfungua mgongoni leo blauzi yangu ilikuwa na joto mahali alipolala. Nilidhani ni joto langu. Nikamweka mezani kwenye ubao baridi, nikapika ugali, nikala, nikaosha sufuria. Kisha nikamgusa tumbo. Bado alikuwa na joto.

Na ule mnuko wa kapu umekwisha. Sasa ananuka nyumba ya Kogo. Nyumba ya Kogo ilinuka moshi, na nafaka ya wimbi iliyoloweshwa ikiwa imefunikwa gunia kona ya nyuma. Nimekaa na pua yangu kwenye kitambaa hadi chai ikapoa.

Juni 27
Naongea naye. Nimegundua leo tu kwamba naongea naye mchana kutwa, na kwa sauti. Sylvia alisimama mlangoni, akasema, "Kumbe una sauti!" Alitaka iwe utani lakini haikutoka vizuri.

Niandike pia kitu ambacho sikuandika ile Juni 6. Kogo alipenda ugoro. Alipopiga chafya, baadaye alivuta pumzi na kusema, taratibu, "Ee-yaa," kama mtu aliyetua mzigo. Siku ile jikoni, baada ya chafya, niliisikia. Mimi peke yangu, nadhani. Mtoto alikuwa mapajani kwangu.

Julai 1
Baridi. Ukungu mpaka saa nne asubuhi. Tumejifunza kukata shingo ya sweta.

Julai 5
Shingoni, kwenye mishono, zimetoka nywele. Nyeupe, nyembamba, chache. Nilimwita Adoyo. Alitazama kwa mbali akasema, "Ni uzi umechanika." Lakini hakukaribia. Nimezikata kwa mkasi mdogo.

Julai 9
Zimerudi.

Julai 14
Brenda amejifungua! Msichana. Mama amepiga simu akiimba. Kurenet itakuwa Jumamosi, nimepewa ruhusa. Nilifurahi sana, nikamwambia mtoto wa hapa, na baada ya kumwambia ndipo nikanyamaza, kwa sababu nilikuwa nimemwambia, "Kogo, umezaliwa."

Julai 19
Nyumbani.

Maombi yalifanywa asubuhi, mchungaji akala, akaenda. Mchana akina mama wakaingia chumbani kwa Brenda na mlango ukafungwa. Senge Sarah, dada ya baba, ndiye aliyeongoza. Ni mwanamke mkubwa wa sauti ya juu, aliuza maziwa sokoni Turbo miaka mingi na bado anaongea kama anaita wateja.

Alianza na Kogo moja kwa moja. "Sisi hatuna haja ya kuzunguka," akasema, wanawake wakacheka. "Taprandich! Ni wewe?"

Mtoto alikuwa macho. Alitazama mlango.

"Taprandich, watu wamekungoja. Njoo basi."

Hakuna. Akataja mama yake Kogo. Akataja dada zake, wake wengine wa babu, mashangazi ambao hata Mama hakuwajua. Kila jina lilikaa hewani kidogo na kuanguka. Ugoro ukaletwa. Sisi wote tulipiga chafya, hata Brenda, na kila mara wanawake waliruka kwa furaha kisha wakaona ni mtu mzima. Mtoto hakupiga. Alikuwa bado anatazama mlango, kama mtu anayengoja mwenzake aliyebaki nyuma na funguo.

"Amechoka," Senge akasema mwishowe, kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake. "Tutajaribu siku nyingine."

Brenda alimvuta mtoto kifuani. "Yule mwingine pia hatukumwita," akasema.

Nilikuwa nimekaa pale kitandani mwake. Ningeweza kusema. Aibu ilinizuia, kweli, lakini si aibu peke yake. Nilikuwa nafikiria kitanda changu kule chuoni, na aliye juu yake amefunikwa hadi kidevuni. Nilifikiri: nikisema, watamchukua.

Julai 23
Mama amepiga simu. Mtoto hanyonyi vizuri.

Julai 25
Mizani: ameongezeka tena. Wa hapa.

Julai 28
Wamempeleka hospitali. Wamempima kila kitu, hawaoni ugonjwa. Mama anasema mtoto halii hata, anatazama mlango tu, na mikono imekuwa kama miguu ya kuku. Kipyego alichukua simu akaniambia, "Ombea sisi." Kipyego hajawahi kuniomba chochote, hata maji.

Julai 30
Mvua ya mawe tena. Nimekaa jikoni nikiwa nimempakata, nikamuuliza kama anataka kwenda. Nikangoja. Nilisikia mvua tu. Alikuwa na joto kama mkate.

Agosti 1
Adoyo alinikuta nalia nikimenya viazi. Alikaa chini, akachukua kisu cha pili, akamenya.

"Kwetu," akasema, "mtoto akilia bila kunyamaza, wazee wanasema anatafuta jina lake. Wanamjaribishia majina mpaka anyamaze."

"Wa kwetu halii."

"Basi huyo hatafuti. Anajua liko wapi."

Tukaendelea kumenya. Kisha akasema, bila kuniangalia, "Linah, mimi sikupiga chafya siku ile. Naapa. Na Sylvia hulala na taa ya simu tangu siku hiyo. Ulidhani ni wewe tu?"

Nikaenda ofisini kwa Madam Adongo na mikono ikiwa bado na maganda. Nilimwambia yote, tangu ugoro mpaka beseni. Nilidhani atanifukuza. Alifunga dirisha kwa sababu mvua ilikuwa inaingia.

"Nilisema msimpe jina. Mlidhani natania?"

"Madam ulisema ni kwa sababu tutalia."

"Na wewe sasa unafanya nini?"

Nikajifuta macho.

"Jina huitwa kukiwa na mtu wa kulibeba," akasema. "Ninyi mlifungua mlango mkaweka kiti kitupu. Aliyekuja angekaa wapi kwingine? Mpeleke nyumbani. Nikiulizwa, nitasema ameenda kushonwa."

Agosti 2
Nimembeba mgongoni kutoka stendi ya Chepsaita hadi nyumbani. Mama mmoja aliyekuwa akipalilia alinisalimu, akaniuliza mtoto ana umri gani. Nikasema ni mchanga. Alitazama tena, akarudi kwenye jembe lake haraka.

Mama, Senge Sarah na Brenda walikuwa chumbani. Mtoto wa Brenda alikuwa mapajani mwa mama yake, na kwa mara ya kwanza hakuwa anatazama mlango. Alinitazama mimi. Au alitazama juu ya bega langu.

Nilimfungua wa kwangu, nikamweka juu ya mkeka. Nikaeleza. Nilianza chinichini, na Senge akasema, "Sisikii. Wanawake wote hapa wanataka kusikia." Nikaanza tena. Nilipofika mahali pa jina, Mama alifunika mdomo.

"Kwa mchezo," Senge akasema. "Mliita mtu wa watu kwa mchezo, katikati ya vyombo."

"Ndiyo, Senge."

"Na akaitika." Aliinamia mkeka. "Huyo mwanamke hakuwahi kukataa ukimwita wewe. Hata akiwa shambani." Ilikuwa kama anataka kucheka na kulia pamoja. "Basi sikiliza. Ulimwita kwa mdomo, umwachilie kwa mdomo. Sisi hatuwezi. Na usinong'one."

Brenda aliinua tu blanketi ili nione miguu ya mtoto. Afadhali angenipiga.

Nikachukua mkasi wangu wa kushonea. Nilikata mishono ya shingo mmoja mmoja, na zile nywele nyeupe zikaja na uzi, ndefu kuliko nilivyofikiri. Joto lilinipiga usoni kama mtu amefunua chungu. Ndani hamkuwa na mchanga. Mlikuwa na wimbi. Lilikuwa limeota lote, limeshikana kama kiota, mizizi myeupe imejisuka huku na huku, na katikati kulikuwa na unga wa ukungu. Harufu ya nyumba ya Kogo ikajaa chumba kizima.

"Ni wimbi tu," Mama akasema. "Ulilowesha wimbi, likaota. Linapoota hutoa joto. Mizizi hiyo ndiyo nywele. Hiyo ndiyo harufu."

Ilikuwa kweli. Nilisoma hayo mwenyewe kwenye somo la nafaka. Lakini hakuna mtu aliyesogea.

"Sema," Senge akaniambia.

Nikasema, na nikasema kwa sauti ambayo Baba aliisikia kutoka zizini, ameniambia baadaye. "Kogo, mimi ndiye nilikuita mahali pasipo pako. Nilijua ni wewe na nikakuficha, kwa sababu nilikuwa nimekukosa. Sasa nimekuachilia. Mtoto wa Kipyego ndiye huyu. Nenda kwake. Taprandich, nenda kwake."

Mtoto alikunja uso. Alifungua mdomo kama atalia. Kisha akapiga chafya.

"Ni vumbi la ukungu hilo," Kipyego akasema kutoka dirishani.

"Nyamaza!" wanawake wote wakasema.

Na katika ule ukimya, mtoto wa siku kumi na tisa alivuta pumzi na kuitoa taratibu. Haikuwa neno, mtoto hana maneno. Lakini Mama na Senge Sarah walitazamana, kisha wote wawili wakanitazama mimi. Vigelegele vilianza nje kabla ya ndani. Brenda alimwekea titi mdomoni, akalishika.

Nilibaki mkekani na kitambaa kitupu. Nilikigusa. Kilikuwa baridi.

Agosti 3
Mama hakutupa wimbi. Amelifukia nyuma ya nyumba ya Kogo. Mtoto ananyonya hadi anakohoa. Walinipa nimpakate. Nilitaka kumwambia mambo mengi lakini sikujua nianzie wapi. Alinitazama kidogo, kwa heshima, kama mgeni, akalala.

Agosti 5
Nimemjaza mtoto wa chuo mchanga mkavu. Sylvia aliuchekecha, Adoyo alishika kitambaa, mimi nikashona. Tuliongea jioni yote, hata mimi. Uzi wangu ni mwekundu, hakukuwa na mwingine.

Agosti 8
Siku ya kurudisha. Mizani: uzito ni ule wa Mei. Madam Adongo alimshika mtoto kwenye mwanga wa dirisha, akageuza shingo kukagua kazi yangu.

"Mshono wako umenyooka," akasema.

Kisha alipitisha kidole juu ya uzi mwekundu, akashuka kwenye wa manjano, wa zambarau, mweusi, mpaka ule wa chini kabisa, wa kijani, uliokaribia kuwa mweupe kwa kufifia.

"Huu ni wangu," akasema. "Nilisomea hapa."

Nje mvua ilikuwa inaanza. Nilimuuliza, kwa sauti ya kawaida ya mtu, yeye naye, alipokuwa na mtoto huyu, alikuwa amemwita nani. Alimweka mtoto kabatini, akafunga, akazungusha ufunguo, akahakikisha umeshika. Ndipo akasogea karibu na sikio langu na kuniambia.

Jina hilo sitaliandika hapa.